Mgonjwa wa Zoezi

Walipomchukua Dobi ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, wakati ambao bomba la uani lina foleni ya ndoo na kila mwenye macho yuko nje. Gari jeupe lilisimama mlangoni. Wakashuka watu wanne waliovaa mavazi meupe ya plastiki toka utosini hadi kisiginoni, miwani mikubwa usoni, mmoja ana pampu mgongoni kama mtu anayekwenda kupulizia shamba. Dobi alikuwa ameketi karibu na karai lake, kichwa kimeinama, anaugulia. Wakamlaza kwenye machela, wakamfunga mikanda. Wakapulizia dawa pale alipokuwa amekaa, wakalipulizia na karai, kisha gari likaondoka na kelele zake.

Dobi hakuwa anaumwa hata kidole.

Lilikuwa zoezi. Nchi mbili zilizopakana zilikuwa zimekubaliana zijaribu siku moja, saa moja, ili siku ukizuka ugonjwa mgeni usio na jina wajue kupeana habari na kumwahi mgonjwa, maana ugonjwa haugongewi muhuri mpakani. Upande ule walimtafuta dereva wa lori wakamfanya mgonjwa wa kuigiza. Upande huu Bwana Afya wa wilaya alimchagua Dobi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifua mashuka ya gesti ya wasafiri iliyo karibu na mpaka, na mtu kama huyo, alisema, ndiye ugonjwa humpitia wa kwanza.

"Ila usimwambie mtu," alimwonya. "Watu wakijua, tutakuwa hatujajaribu kitu."

"Hata mama mkwe wangu?"

"Huyo ndiyo kabisa."

Dobi ni mtu wa kuambiwa jambo akalishika. Alimwambia mumewe tu, kwa sababu mke na mume ni kitu kimoja, na hilo hakulihesabu kuwa ni kusema. Nesi wa kituo cha afya alimfundisha mahali pa kujishika, hapa chini ya mbavu, na namna ya kuvuta pumzi kama inayokwama. Aliambiwa saa sita zoezi litakwisha, na gari la matangazo litapita mtaani kueleza kuwa lilikuwa jaribio.

Gari la matangazo halikupita. Spika yake ilikuwa imeazimwa na kikao, na kikao chenyewe kilikuwa cha siku nne, cha kulipima zoezi hilohilo. Katika ule mpango wao mlikuwa na ukurasa wa machela, ukurasa wa simu, ukurasa wa glovu, na ukurasa wa nani atangulie kushuka garini. Ukurasa wa kumrudisha mgonjwa kwake haukuwamo. Saa nane mchana wakampa Dobi soda, wakamshukuru sana, wakamfungulia geti. Akarudi kwa miguu yake.

* * *

Wa kwanza kumwona alikuwa Redio. Mama yake alimpa jina jingine, lakini uani hakuna aliyelikumbuka. Habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imefika sokoni. Alikuwa anaanua nguo zake kambani.

"Simama hapohapo!"

"Ni mimi, jirani."

"Najua ni wewe, ndiyo maana nakwambia simama. Wamekuachia au umetoroka?"

Dobi akacheka. Alidhani jambo lenyewe lina raha, na kwamba wakilisikia watacheka pamoja naye. "Sikuwa naumwa. Lilikuwa zoezi. Wanajaribu, ili ikitokea kweli wajue la kufanya. Mimi nilijigonjweza tu."

Redio akawageukia wenzake waliokuwa bombani. "Mmesikia? Kajigonjweza. Na lile karai walilolipulizia dawa, nalo lilijigonjweza?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Ndoo ndizo zilizosogea, moja baada ya nyingine, upande wa pili wa bomba.

"Basi muulizeni mume wangu. Yeye alijua."

Hapo akawa amemwaga petroli. Mumewe ni fundi viatu, na kibanda chake kiko palepale mlangoni mwa ua. Asubuhi ile, aliposikia mkewe anavyougulia, kicheko kilimshinda nguvu akakiziba kwa soli ya kiatu cha mteja. Watu wote walimwona.

"Ahaa! Kumbe ndiyo maana alikuwa anacheka!" akadakia mmoja. "Mimi nikasema mwanamume gani huyu, mke anabebwa, yeye meno nje. Nikajua ana mwingine."

Mama Wawili hakucheka. Huyu ni mama wa pacha, wavulana wa miaka mitano, na kwa miaka sita yeye na Dobi walikuwa wakichota maji pamoja. Hata sabuni walikuwa wakikatiana. Alisema polepole, macho yako kwenye ndoo.

"Kwa hiyo ulitulilia uongo. Wanangu tangu asubuhi hawajala. Wanauliza kama shangazi amekufa."

Dobi akisema anaumwa, ni mtu wa kukimbiwa. Akisema haumwi, ni mwongo. Aliinua karai lake likiwa bado linanuka dawa, akaingia ndani.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mgongo ameupa mlango.

"Mama, nimerudi."

"Nimekuona."

"Nisamehe. Walinikataza kusema."

"Nililia, mwanangu." Bibi kizee hakugeuka. "Nililia pale bombani mpaka khanga ikanianguka, nikabaki na sidiria mbele ya wapangaji. Machozi yale sasa nayarudisha wapi? Na huku mwanangu wa kumzaa anacheka na kiatu mdomoni. Siku nikifa kweli, nyinyi wawili mtaangaliana mkonyezane."

* * *

Kwa kawaida, kabla ya chai ya asubuhi, mlango wa Dobi huwa na mafurushi matatu au manne, kila furushi na fundo lake, naye huyajua mafundo kama mwalimu anavyojua miandiko. Jumatano mlango ulikuwa mtupu. Alhamisi alikuja mwenye gesti mwenyewe, mtu ambaye siku zote alikuwa akituma mhudumu. Akasimama ng'ambo ya mtaro, mwavuli mkononi.

"Dada, si kwamba naamini. Mimi ni mtu mwelewa. Ila wageni wangu wakisikia, unajua tena."

"Mashuka yako nimeshayapiga pasi. Yako tayari."

"Yaweke hapo chini."

"Chini wapi, kaka? Ni meupe."

"Hapo hapo. Kisha rudi nyuma kidogo."

Dobi akatandika gunia, akayaweka, akarudi nyuma. Mwenye gesti akanyoosha mwavuli, akayachomeka kwa ncha ili ayavute kwake. Rundo likaporomoka. Mashuka yale aliyoyafua kwa mkono, akayaanika kwa kulifuata jua, akayakunja pembe kwa pembe, yakaburuzwa vumbini mpaka mtaroni. Mwavuli Dobi angeusamehe. Lile vumbi ndilo lililomkaa rohoni.

Kodi ya chumba chao ililipwa na mashuka hayo. Viatu vilileta chakula, lakini viatu navyo vilikuwa vimeota mbawa.

"Viatu havina homa," fundi alimlalamikia mteja aliyekuja kuchukua ndala zake kabla hazijashonwa.

"Miguu inayo," mteja akajibu, akaondoka anachechemea na kamba iliyokatika.

Jioni ile mume na mke walikaa mlangoni. Fundi akasema, "Wape muda. Watu husahau."

"Watasahau nini? Watasahau kwamba mimi ndiye dobi wao. Wiki tatu tu, watakuwa wamempata mwingine, na huyo mwingine atakuwa na watoto wa kulisha, sitaweza hata kumchukia."

"Mimi nilikosea kucheka vile."

"Ulikosea." Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne midomo ikamcheza. "Niliugulia vibaya kiasi hicho?"

"Ulilia kama mbuzi aliyenyimwa pumba."

* * *

Ijumaa asubuhi Dobi alivaa gauni lake la kutokea akaenda ofisi ya afya. Alimkuta karani peke yake, anakata kucha.

"Wote wako kikaoni."

"Nataka mtu mmoja tu aje uani kwetu, aseme kwa mdomo wake kwamba siumwi."

"Andika barua."

"Mimi hapa ndiyo barua."

Karani akamwonyesha ukumbi kwa kile kikata kucha. Kwenye mlango wa ukumbi alikuwapo mlinzi mwenye daftari la wajumbe.

"Wewe ni mjumbe wa upande gani?"

"Mimi ni mgonjwa."

Mlinzi akaruka pembeni na kiti chake. Dobi akapita.

Ndani mlikuwa na feni, chupa za maji, na watu kama arobaini, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule. Ukutani palikuwa na picha kubwa kama mlango. Ilikuwa picha yake yeye, juu ya machela, mdomo wazi. Bwana Afya alikuwa mbele na fimbo ya kuonyeshea, anasema kupitia ile spika ya gari la matangazo.

"Toka simu ilipopigwa hadi mgonjwa kufika kituoni, dakika ishirini na tatu. Lengo letu lilikuwa thelathini."

Wakapiga makofi. Mama mmoja mwenye mvi, daktari wa upande ule, akanyoosha mkono.

"Na kurudi kwake je? Nauliza kwa sababu dereva wetu, tajiri yake amemnyang'anya lori. Anasema hawezi kupakia ugonjwa. Nyinyi wenzetu imekuwaje?"

"Kwa upande wetu," Bwana Afya akasema akipekua karatasi, "hakuna malalamiko yaliyopokelewa."

"Yamefika sasa hivi," akasema Dobi kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Wakamtazama yeye, wakatazama ukuta, wakamtazama yeye tena. Dobi alikuwa ameshaingia, na aliyekwisha kulowa haogopi mvua. Akawaambia. Akawaambia habari ya ndoo zilizosogea, na mashuka, na mwavuli. Habari ya khanga ya mama mkwe aliiacha. Hiyo ilikuwa ya nyumbani.

Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika. "Dada, umesema jambo la maana. Tutaliingiza kama pendekezo, na katika mpango wa mwaka ujao—"

"Mwaka ujao nitakuwa nafua za nani?"

Bwana Afya akaweka kalamu chini.

"Mlinikuta nina kazi," Dobi akaendelea. "Mkasema mtu kama mimi ndiye ugonjwa utampitia wa kwanza. Sawa. Sasa ukinipitia kweli, mnadhani nitawaita? Mnadhani nani atawaita? Uani kwetu siku hizi mtu akitaka kukohoa anajifunika mto."

Yule daktari mwenye mvi akaivua miwani yake. "Hizo dakika ishirini na tatu," akamwambia Bwana Afya kwa upole, "zinaanza kuhesabiwa simu ikipigwa. Huyu anakwambia simu haitapigwa."

Nesi alikuwa safu ya tatu. Akasimama, akachukua mfuko wake uliokuwa na vazi jeupe la maonyesho.

"Mimi ndiye niliyemfunga mikanda. Naenda naye."

"Nesi, bado tuna kipengele cha sita."

"Nitakisoma."

Bwana Afya aliitazama spika, akaitazama ile picha ukutani. Akazima spika, akakunja karatasi zake. "Twendeni na gari," akasema.

"Si lile," Dobi akamkatiza. "Lile likitokeza tena kwetu, hatabaki mtu."

Wakaenda kwa miguu, watatu, katika jua la saa sita. Bwana Afya alikuwa nyuma, tai begani, viatu vyake vya kung'aa vinakunywa vumbi.

* * *

Uani walikusanyika kwa mbali, kama watu wanaotazama nyoka aliyeuawa bila kujua kama amekufa kweli. Nesi hakuhutubia. Alilitoa lile vazi akalivaa polepole mbele yao, suruali, koti, kofia, miwani, glovu juu ya glovu, mpaka akawa lile zimwi la Jumanne. Mtoto mmoja akaanza kulia. Kisha akalivua vilevile, kipande kwa kipande, na chini yake akatokea mwanamke mnene anayetoka jasho.

Redio akapiga kofi pajani. "Haa! Wewe! Si ndiye uliyenizalisha kitindamimba wangu?"

"Ndiye mimi."

"Ukaingia uani kwangu na hukunisalimia!"

Hapo hata mama mkwe, aliyekuwa anachungulia dirishani, akacheka.

Bwana Afya akasogea mbele. "Kosa ni letu. Huyu tulimwambia asiseme, akatii. Ilitupasa tuje siku ileile tumrudishe wenyewe."

"Sawa, tumesikia," Redio akasema, mikono kiunoni. "Lakini nikuulize, mwanangu. Siku ikija ya kweli, tutajuaje kwamba si zoezi? Na leo ukituambia ni zoezi, tutajuaje kwamba si ya kweli?"

Bwana Afya alifungua mdomo. Mtu angetegemea atoe maneno ya kikao. Akaufunga. "Sijui, mama," akasema. "Hilo kwa kweli hatukuliwaza."

Ajabu ni kwamba jibu hilo ndilo lililowafanya watu watatu wanne wasogee. Mmoja akampa kigoda.

Dobi hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa amemwona pacha mmoja wa Mama Wawili amesimama peke yake kando ya ukuta. Watoto wale hawajawahi kuachana. Ukimwona mmoja, hesabu mpaka tatu, wa pili anatokea. Dobi alihesabu mpaka kumi.

"Mwenzako yuko wapi, baba?"

"Ndani. Mama kamwambia asitapike kwa sauti."

Mlango wa Mama Wawili ulikuwa umefungwa, na dirisha limezibwa kwa shuka. Dobi akagonga kwa kidole kimoja.

"Ni mimi. Niko peke yangu."

"Hana kitu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ni meno."

"Ana miaka mitano, Mama Wawili. Meno gani?"

Komeo likavutwa kidogo, pakatokea jicho moja, jekundu la kukosa usingizi.

"Nilikuona walivyokufunga," Mama Wawili akanong'ona. "Mtu mzima kama wewe ukafungwa kama mzigo wa kuni. Mwanangu hawamfungi. Watamtia kwenye lile gari, na sitamwona tena."

"Tangu lini?"

"Juzi. Jumatano."

"Anakojoa? Anakunywa maji?"

"Anakunywa, anatoa."

Dobi angeweza kusema mengi. Angeweza kumwambia siku tatu umenipa mgongo, na wewe ndiye niliyekuwa nakutegemea. Aliyaona maneno hayo yamejipanga mdomoni, akayameza. "Hapatakuwa na machela," akasema. "Nitambeba mimi. Nesi atatembea kando yangu, na wewe utamshika mguu njia nzima. Mtu akitaka kukufukuza, apitie kwangu kwanza."

Mlango ukafunguka.

Nesi aliingia, akamtazama mtoto macho na viganja, akauliza maswali matatu, akawapa wote barakoa. Dobi akachuchumaa. Mtoto alipowekwa mgongoni, joto lake lilipita gauni likamfika Dobi ngozini kama pasi. Waliposhuka kibarazani, Redio alitazama, akafumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa habari ya kutoa. Mama mkwe alitoka mbio anafunga khanga.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akamkemea Mama Wawili, lakini mkono alikuwa ameshamshika. "Twende, mwanangu. Huyu mwingine ataangaliwa na yule mcheka ovyo wa kibandani."

* * *

Ilikuwa malaria. Kule kituoni Nesi alisema kwa sauti ili wote waliowafuata mpaka mlangoni wasikie: malaria ileile ya siku zote, ila imekaa sana, na lau ingelala usiku mmoja zaidi mambo yangekuwa mengine. Wakamtundikia dripu. Bwana Afya alifika baadaye, miguu imempasuka malengelenge, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akawa anaandika juu ya goti. Hakuna aliyemuuliza anaandika nini.

Kwenye saa kumi hivi mtoto akazinduka, akamtazama mama yake, akamtapikia. Shuka lote likaharibika. Mama Wawili akamfuta, akamgeuza, akalivuta lile shuka kwa mkono wa kushoto, na macho yakiwa kwa mwanawe akalisukuma nyuma, kwa mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Hebu shika hili."

Dobi akashika.

Tangu Jumanne hakuna mtu aliyekuwa amemtia nguo mkononi. Akavaa glovu alizopewa na Nesi, akatoka nalo hadi kwenye bomba la nyuma ya kituo, akaazima karai na kipande cha sabuni. Akalisuuza, akalitia sabuni, akalisugua pindo kwa pindo, akalisuuza tena, akaliinua juani kulitazama, akalirudisha majini. Maji yalikuwa yameshatakata, povu jeupe, na bado alikuwa anasugua.

Mama Wawili akatoa kichwa dirishani. "Dobi! Jamani, limetosha, litatoboka hilo!"

"Niache," Dobi akajibu bila kuinua uso. "Niko kazini."